Dozi ya ndama si dozi ya fahali: Pepa inahitaji mizani kwenye meza ya dawa

Juu ya nyanda za Marungu, huko Pepa, kusini mwa Moba katika jimbo la Tanganyika, ng'ombe si jambo geni. Tangu wakati wa Wabelgiji eneo hili la baridi na majani mengi limejulikana kwa mifugo. Mchungaji wa huko, hata yule ambaye hakumaliza shule ya msingi, anajua jambo moja bila kuambiwa na daktari: dawa inayomtosha fahali inaweza kumuua ndama, na ile inayomtosha ndama haimfanyi fahali kitu. Kabla ya kuvuta dawa kwenye sindano humwangalia mnyama, hukadiria kilo zake, ndipo hupima.

Jioni, mchungaji huyo huyo akirudi nyumbani na kumkuta mtoto wake anaungua na homa, mambo yanabadilika. Kaka mkubwa anatumwa kwenye duka la dawa na noti za franga mkononi: "Baba anasema utupe dawa ya palu ya mtoto." Muuzaji haulizi mtoto ana kilo ngapi. Anamimina vidonge kiganjani, anahesabu, anavifunga ndani ya karatasi ya daftari na kusema: "Asubuhi kimoja, jioni kimoja." Karatasi haina jina la dawa, haina nguvu yake, haina idadi ya siku. Ndama amepimwa, mtoto amekisiwa.

Jambo hili si la Pepa peke yake. Linaonekana Kalemie, Fizi, Uvira, Beni na Bunia, mjini na kijijini. Lakini mahali ambapo njia ya kushuka hadi Moba huharibika kila masika, na ambapo mgonjwa mahututi anaweza kuhitaji kubebwa mpaka ziwani na kusafirishwa kwa boti hadi Kalemie, kosa dogo la kipimo lina bei kubwa zaidi. Kwa hiyo suala la dozi lisiachiwe madaktari peke yao. Ni suala la uongozi, la biashara na la kila mzazi.

Mstari wa chini na mstari wa juu

Watu wengi hufikiri dawa ni ama nzuri ama mbaya. Elimu ya dawa haisemi hivyo. Inasema kwamba kitu kile kile kinaweza kuwa bure, kuwa dawa au kuwa sumu, kufuatana na kiasi kilichoingia mwilini.

Wasafiri wa Ziwa Tanganyika wataelewa haraka. Boti isiyo na mzigo huyumbishwa na kila wimbi. Boti iliyojazwa kupita kiasi huzama hata siku ya utulivu. Kati ya hizo mbili kuna mzigo ambao boti hubeba salama. Dawa nayo ina mistari miwili katika damu. Chini ya mstari wa kwanza, ugonjwa hausikii lolote. Juu ya mstari wa pili, mwili unaanza kuumia. Kazi ya dozi ni kuiweka dawa kati ya mistari hiyo miwili, na kuiacha hapo kwa muda wa kutosha.

Kwa dawa fulani nafasi kati ya mistari hiyo ni pana, na kosa dogo halileti msiba. Kwa nyingine ni nyembamba sana. Kinini, ambayo wazee wote wa mashariki ya Kongo wanaijua, ni mojawapo. Hata katika kipimo cha kawaida huweza kufanya masikio yavume. Ikizidi, au ikisukumwa haraka ndani ya mshipa, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Huweza pia kushusha sukari ya damu, hasa kwa watoto na kwa wanawake wenye mimba. Ndiyo maana waganga walifundishwa kuitia katika seramu na kuiacha idondoke polepole kwa saa kadhaa. Anayedai apigwe sindano ya kinini "ya haraka" kwa sababu amechoka kungoja seramu, anadai ahatarishe moyo wake.

Mwili nao haukai kimya. Tangu dawa inapoingia, ini na figo huanza kuiondoa. Ndiyo sababu karatasi husema kila baada ya saa 8, au saa 12, au mara moja kwa siku. Saa hizo zimehesabiwa ili dozi inayofuata ifike kabla ile ya kwanza haijashuka chini ya mstari. Anayemeza vyote asubuhi ili "kumaliza kazi" anavuka mstari wa juu mchana, kisha anakaa chini ya mstari wa chini usiku kucha.

Nusu ya dozi si nusu ya kupona

Tuchukue dawa inayotumika sana leo kutibu malaria isiyo kali, ile yenye artemeta na lumefantrini pamoja. Kidonge chake cha kawaida kina miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini. Baada ya kipimo cha damu kuthibitisha malaria, hesabu hufuata kilo. Mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kila mara. Kuanzia kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2. Kuanzia 25 hadi chini ya 35, vidonge 3. Kuanzia kilo 35 kwenda juu, vidonge 4. Hunywewa mara 6 katika siku 3.

Sasa warudiwe watoto wa yule mchungaji. Kama mgonjwa ana kilo 12, ile "asubuhi kimoja, jioni kimoja" ilikuwa sahihi, mradi iendelee siku 3. Lakini kama ni dada yake mwenye kilo 18, amepewa nusu ya dawa anayohitaji. Homa inaweza kushuka siku ya pili, nyumba nzima ikashukuru Mungu, kisha wiki mbili au tatu baadaye ikarudi. Watu watasema amerogwa, au dawa za siku hizi ni za uongo. Kumbe mtoto hakupata dozi yake.

Ndani ya kidonge hicho kuna wafanyakazi wawili. Artemeta huua vimelea kwa kasi, lakini hutoka mwilini kwa muda wa saa chache. Lumefantrini ni ya polepole. Hukaa siku kadhaa ikiwamaliza waliobaki. Ndiyo maana mgonjwa hujisikia amepona kabla kazi haijakwisha. Mzazi anayeweka vidonge vilivyobaki kwenye kopo "kwa ajili ya safari ijayo" anamwondoa mfanyakazi wa pili kazini kabla ya saa.

Kuna jambo jingine ambalo Pepa ina bahati nalo. Lumefantrini huingia vizuri katika damu ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta. Ikinywewa na tumbo tupu, sehemu kubwa hupita bure. Kikombe cha maziwa kinasaidia, na katika nchi ya ng'ombe kikombe cha maziwa si kitu cha kutafuta mbali. Ni dawa ngapi zimelaumiwa kuwa hazifanyi kazi, na kumbe zilimezwa na maji matupu alfajiri?

Hasara ya nusu dozi haibaki kwa mtoto mmoja. Vimelea walioonja dawa bila kufa ndio wenye nafasi ya kuzaa kizazi kinachoivumilia. Kongo inaijua hadithi hiyo: klorokini, iliyokuwa tegemeo la kila nyumba, ilifikia kuachwa kama tiba ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea waliizoea. Na sasa majirani wanatoa onyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutoka Rwanda na mwaka 2021 kutoka Uganda umeonyesha vimelea wanaochelewa kufa mbele ya dawa za jamii ya artemisinini. Tanzania, ng'ambo ya ziwa, nayo imeripoti jambo hilo. Vimelea havionyeshi pasipoti mpakani.

Wafugaji wameona hali kama hiyo kwa mifugo yao. Dawa ya diminazeni, inayotumika dhidi ya ugonjwa unaoletwa na mbung'o kwa ng'ombe, hutolewa kwa kawaida miligramu 3.5 kwa kila kilo ya mnyama. Anayeigawa pakiti moja kwa ng'ombe wengi kuliko inavyoruhusu, ili kuokoa pesa, hulea vimelea sugu ndani ya kundi lake mwenyewe.

Kuongeza vidonge si kuongeza nguvu

Upande wa pili wa kosa ni kuzidisha. Imani kwamba vidonge viwili zaidi huleta nafuu maradufu imeenea mno. Ukweli ni kwamba dawa nyingi zina dari. Zikifika hapo, faida haipandi tena. Kinachoendelea kupanda ni madhara.

Parasetamoli ni mfano ulio karibu na kila mtu, kwa sababu inauzwa hadi kwenye vibanda vya sukari na sabuni. Kwa mtu mzima mwenye afya, kikomo ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, vikigawanywa. Kwa mtoto, kipimo cha mara moja ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Kidonge kizima cha mtu mzima ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Kikirudiwa mara nne kwa siku, siku mbili au tatu, ini la mtoto huyo limeingia hatarini.

Sababu yake haina fumbo. Ini hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa kitu chenye sumu, kisha hukizima mara moja kwa akiba yake lenyewe. Dozi ikizidi, akiba inakwisha na sumu inaanza kula ini. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa ana akiba ndogo zaidi. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mgonjwa anaweza kuonekana hana neno. Macho ya manjano na kuchanganyikiwa huja baada ya siku mbili au tatu. Dawa ya kuokoa ipo, inaitwa asetilisisteini, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Saa 8 za Pepa si saa 8 za mji mkubwa wenye hospitali kila mtaa.

Hatari huongezeka pale parasetamoli inapojificha. Dawa nyingi za mafua na za maumivu zinazouzwa kwa majina mbalimbali huwa nayo ndani. Mtu anameza ya kichwa, ya mafua na ya mgongo, akidhani ametumia dawa tatu, kumbe ametumia moja mara tatu. Na kijiko cha jikoni ni mtego mwingine: kijiko cha chai hubeba karibu mililita 5, cha mezani karibu 15. "Kijiko kimoja" bila kusema kipi ni tofauti ya mara tatu.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa

Wengine hudhani hesabu ni rahisi: mtoto apewe kidogo kwa sababu ni mdogo. Hata hapo sayansi imebidi ijirekebishe. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusu watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, ulilinganisha sindano ya kinini na sindano ya artesunati. Waliopewa kinini walikufa 10.9 kwa 100; waliopewa artesunati, 8.5 kwa 100. Artesunati ikachukua nafasi ya kwanza.

Baadaye ikagunduliwa kwamba kwa dozi ile ile ya miligramu 2.4 kwa kila kilo, damu ya watoto wadogo ilibaki na dawa kidogo kuliko ya wakubwa. Shirika la Afya Duniani likapandisha dozi ya wenye chini ya kilo 20 hadi miligramu 3 kwa kila kilo. Kwa hiyo mtoto, kwa kila kilo yake, alihitaji zaidi. Hakuna muuzaji wala mganga anayeweza kulikisia jambo kama hilo kwa kuangalia uso wa mgonjwa. Linajulikana kwa mizani na kwa jedwali.

Ituri ilikwisha kulipa

Kuna wanaosema haya ni mambo ya vitabu. Waulizwe watu wa Ituri. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, wagonjwa zaidi ya 900, wengi wao watoto, walipokelewa hospitalini wakiwa na shingo zilizopinda, nyuso zilizokakamaa na ndimi zilizotoka nje. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Wagonjwa 11 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, kwa kiasi kikubwa mno kwa mwili wa mtoto.

Haloperidoli si sumu kwa asili yake, hospitali huitumia. Iligeuka sumu kwa sababu ilifika kwa mtu asiyeihitaji, kwa kipimo asichokijua, chini ya jina lisilo lake. Kidonge kinachomiminwa kutoka kopo hadi karatasi ya daftari husafiri kwa njia hiyo hiyo. Mama hawezi kusoma kisichoandikwa, na mganga atakayempokea mtoto kesho hawezi kujua cha kutibu.

Nini kifanyike

Jibu la haraka la wakubwa huwa ni kufunga maduka. Hilo lingekuwa kosa. Katika vijiji vingi vya Marungu mwenye duka ndiye msaada ulio karibu, hasa usiku na wakati wa mvua. Akifungiwa leo, dawa zile zile zitauzwa kesho chini ya meza, bila hata yule aliyekuwa akijitahidi kueleza. Kinachotakiwa ni kumpa vifaa, kumfundisha, kisha kumdai.

La kwanza ni mizani. Kila duka la dawa lenye kibali liwe na mizani ya kusimama, na lisitoe dawa ya mtoto bila kujua kilo zake. Si lazima mtoto abebwe hadi dukani usiku wa baridi: kliniki za watoto chini ya miaka mitano hupima uzito na kuuandika kwenye kadi. Kadi hiyo ya mwezi huu, ikipelekwa na yule kaka aliyetumwa, ingetosha kugeuza kisio kuwa hesabu.

La pili ni jedwali ukutani, kwa Kiswahili cha huku, likionyesha kilo na idadi ya vidonge kwa dawa za malaria na parasetamoli. Asidhani mtu kwamba vijiji haviwezi. Kwa miaka mingi wagawaji wa ivermektini, dawa ya upofu wa mtoni, wametumia fimbo ya kupimia urefu katika maeneo mengi ya Kongo. Mtu husimama kando ya fimbo, na alama inaonyesha apewe kidonge 1, 2, 3 au 4. Wanakijiji wenyewe ndio wamefanya kazi hiyo. Fimbo haifai kwa kila dawa, lakini imethibitisha kwamba kipimo sahihi hakihitaji chuo kikuu.

La tatu ni maandishi. Pasiuzwe kidonge chochote bila karatasi yenye mambo manne: jina la dawa, miligramu zake, mara ngapi kwa siku, na siku ngapi. Kalamu na kipande cha karatasi haviwezi kuwa mzigo kwa mfanyabiashara.

La nne ni dawa za watoto zenyewe. Vidonge vya malaria vinavyoyeyuka katika maji, vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto, vipo. Vikikosekana, wauzaji na wazazi hukata vidonge vya wakubwa kwa wembe, na vipande viwili havilingani. Divisheni ya afya ya jimbo huko Kalemie na wakuu wa kanda za afya wahakikishe vinapanda hadi kwenye nyanda, na wasihesabu kazi imekwisha vinapofika bandarini.

La tano linawahusu wafugaji. Dawa ya ng'ombe ibaki ya ng'ombe. Na ng'ombe aliyedungwa antibiotiki, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite, maana ndani ya kikombe hicho kuna dozi ambayo hakuna aliyeiandika.

Gharama ya haya yote ni ndogo ikilinganishwa na safari moja ya dharura kutoka Marungu hadi hospitali kubwa. Gavana na mawaziri wake wakitaka kazi inayoonekana haraka, hii ipo. Relé, wale wahamasishaji wa afya wa kijijini, wapo. Wakuu wa vijiji wapo. Redio za jamii zipo, na zinaweza kusoma jedwali hilo kila jioni kwa Kiswahili na kwa Kitabwa.

Wazazi nao wana silaha isiyogharimu franga hata moja: kuuliza. Dawa hii inaitwaje? Ina miligramu ngapi? Mtoto wa kilo hizi anywe vingapi, mara ngapi? Aendelee siku ngapi? Muuzaji mwaminifu atafurahi kujibu. Asiyeweza kujibu ameonyesha mwenyewe kwamba dawa hiyo isinunuliwe kwake.

Mchungaji wa Pepa hahitaji kufundishwa kanuni hii upya. Anaitumia kila siku malishoni. Kinachobaki ni yeye, muuzaji na serikali kukubali kwamba inafaa pia ndani ya nyumba, na kwamba mtoto mwenye homa anastahili walau uangalifu ule ule anaoupata ndama.